Kondo la Nyuma Linapotangulia

Kiswahili kilikipa kiungo hiki jina kwa kufuata zamu yake. Mtoto hutoka kwanza, kisha hufuata kondo. Ndiyo sababu likaitwa kondo la nyuma. Katika sehemu nyingi za Tanzania wazee wamekuwa wakilizika kwa heshima, jambo linaloonyesha kwamba walitambua tangu zamani kuwa si uchafu wa kutupwa. Lakini mara chache hutokea kwamba kondo hujishikiza chini kabisa ya mji wa mimba, mbele ya mtoto, likaziba njia atakayopitia. Hapo jina lake na hali yake havipatani tena, na uzazi ambao ungekuwa wa kawaida huwa hatari kwa watu wawili kwa wakati mmoja. Waganga wa hospitali huita hali hiyo plasenta previa. Kwa Kiswahili yafaa kuiita kondo lililotangulia.

Walimu wengi wa baiolojia hufundisha kondo kwa mchoro mmoja na orodha ya kazi zake: kupitisha oksijeni na chakula, kuondoa takamwili, kutoa homoni. Mwanafunzi huikariri orodha hiyo, huijibu katika mtihani, kisha huisahau. Ni mara chache mchoro huo kuonyesha mahali kondo linapokaa, wala kueleza kwa nini mahali hapo ni jambo la kufa na kupona. Upungufu huo si mdogo. Miongoni mwa wasichana wanaouchora wako watakaozaa kabla ya miaka kumi kupita, na miongoni mwa wavulana wako watakaoamua kama pikipiki iitwe usiku huu huu au ingojwe asubuhi.

Kondo lililokomaa lina upana wa sentimita 20 hivi, unene wa sentimita 2 au zaidi kidogo, na uzito wa karibu nusu kilo. Upande unaomwelekea mtoto ni laini na unang'aa, na ndipo kiungamwana kinapoanzia. Upande wa mama umegawanyika mafungu mafungu, na ndani yake mna vijitawi vingi mno, mithili ya mizizi ya mti iliyozama katika maji. Damu ya mtoto imo ndani ya vijitawi hivyo. Damu ya mama huvizunguka kwa nje. Hazichanganyiki, ingawa wanafunzi wengi hudhani zinachanganyika, na baadhi ya watu wazima pia.

Mimba inapokaribia kutimia, mililita 500 hadi 700 za damu ya mama hupita katika mji wa mimba kila dakika. Mwanamke mwenye mimba kubwa ana damu lita 5 hivi mwilini. Mwanafunzi na agawanye mwenyewe: katika muda wa dakika kumi hivi, kiasi cha damu kinacholingana na damu yote ya mama huwa kimepita mahali hapo. Si kwamba kila mama avujaye damu hupoteza kwa kasi hiyo. Hesabu hiyo yaonyesha tu ukubwa wa bomba ambalo maumbile yameliweka hapo, na ambalo lazima lifungwe mara tu kondo linapobanduka.

Hufungwaje? Sehemu ya juu ya mji wa mimba ina nyuzi nene za misuli zilizopishana kama ukindu katika mkeka, na mishipa ya damu hupita katikati yake. Mtoto na kondo wakishatoka, misuli hujikaza na nyuzi hizo huibana mishipa kila upande. Hakuna uzi wa mganga unaofanya kazi hiyo upesi na vizuri kiasi hicho. Lakini sehemu ya chini, karibu na mlango, ni nyembamba na nyuzi zake ni chache. Kondo lililokaa huko limekaa mahali pasipo na mkeka. Hata mtoto akitolewa salama, mishipa ya hapo yaweza kuendelea kuvuja kwa kuwa hakuna cha kuibana vya kutosha.

Damu huanza kutoka kwa sababu rahisi. Kuanzia majuma 28 hivi ya mimba, sehemu hiyo ya chini hutanuka na kuwa nyembamba ili kujitayarisha kwa uzazi. Kondo haliwezi kutanuka pamoja nayo. Ukingo wake hubanduka na damu hutoka. Damu hiyo ni nyekundu iliyokolea, na mama hasikii maumivu. Ndiyo tofauti yake na ajali nyingine ya kondo, ile ya kubanduka kabla ya wakati likiwa mahali pake pa kawaida, ambapo tumbo huwa gumu na kuuma sana, na damu nyingi yaweza kujificha ndani bila kuonekana. Zote mbili ni za hospitali. Lakini ile isiyo na maumivu ndiyo inayodanganya.

Sababu ya kondo kutua chini haijulikani yote. Hutokea zaidi kwa wanawake waliozaa mara nyingi, kwa wenye umri mkubwa, kwa wenye mimba ya mapacha, na hasa kwa wale wenye kovu katika mji wa mimba. Hutokea pia kwa asiye na lolote kati ya hayo. Mama asitafutiwe kosa, wala jirani asitafutiwe husuda.

Je, hali hii ni nadra? Uchunguzi wa kumbukumbu za Hospitali ya KCMC huko Moshi za miaka 2000 hadi 2015, uliohusu uzazi zaidi ya 47,000, ulionyesha kiasi cha 6 katika kila 1,000. Hospitali ya rufaa hupokea mizigo mizito ya wengine, hivyo yawezekana hesabu ya vijijini ni ndogo kidogo. Katika nchi nyingi hukadiriwa kuwa 4 au 5 katika kila 1,000. Basi wilaya yenye uzazi 5,000 kwa mwaka itakuwa na akina mama 20 hadi 25 wenye kondo lililotangulia, yaani mmoja katika kila majuma mawili au zaidi kidogo. Mkunga mmoja katika zahanati moja aweza kukaa miaka miwili asimwone hata mmoja. Hospitali ya wilaya haiwezi kukaa mwezi. Neno "nadra" lina maana moja kwa mkunga huyo na maana nyingine kwa mganga mkuu wa wilaya.

Chukua mfano wa mama mwenye mimba ya nne, akaaye katika kijiji kilicho kilomita 40 toka hospitali, upande wowote wa Nachingwea. Mimba yake ni ya majuma 32. Anaamka alfajiri na kukuta kanga imelowa damu. Hasikii uchungu wowote, na mtoto anacheza tumboni. Kufikia saa nne damu imekoma. Mvua zimeanza, palizi inangoja, na nyumba nzima inapumua: imepita. Kumbe haikupita. Damu ya kwanza ya kondo lililotangulia aghalabu hukoma yenyewe na ni mara chache kumwua mama. Ya pili au ya tatu yaweza kuja baada ya siku mbili au baada ya majuma matatu, na haitoi ahadi yoyote ya kukoma.

Katika jambo hili maumbile yana ukarimu usio wa kawaida. Ajali nyingi za uzazi hazitoi taarifa, lakini hii hutoa, tena mapema, na kwa ishara ambayo hata mtoto wa shule aweza kuitambua. Kanuni yake ni fupi: mwanamke mwenye mimba akiona damu, hata kidogo, hata bila maumivu, hata kama imekoma, aende hospitali yenye upasuaji siku hiyo hiyo. Akipitia zahanati, mhudumu asiingize kidole kupima njia, kwa maana kidole chaweza kutoboa kondo na kugeuza matone kuwa mto. Amwekee sindano ya maji mshipani na kumpeleka mbele. Tangu mwaka 2022 mpango wa m-mama, unaoitwa kwa simu namba 115 bila malipo, umeenezwa mikoani ili kusafirisha akina mama wa namba hiyo. Katika jando na unyago wa kusini vijana hufundishwa mengi kuhusu mwili na unyumba. Nyakanga anayeongeza kanuni hiyo moja katika mafunzo yake atakuwa amefanya kazi ambayo mabango ya kliniki hayajaifanya kikamilifu.

Nchi hizi za Nachingwea na jirani yake Ruangwa zina historia ya pekee katika habari za umbali. Wakati wa mradi wa karanga, ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947, reli ilijengwa kutoka pwani kwenda bara ili kusafirisha mazao. Mradi ulishindwa, na reli ya Mtwara hadi Nachingwea ikafungwa mwaka 1962. Iliyobaki ni barabara, nyingine nzuri na nyingine za vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Mkulima wa korosho amejua siku zote kwamba kilomita 40 za Agosti si kilomita 40 za Januari.

Umbali huo umepimwa. Mwaka 2007 watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara na wenzao wa ng'ambo walihesabu kaya karibu 226,000 katika wilaya tano za kusini: Nachingwea, Ruangwa, Lindi Vijijini, Newala na Tandahimba. Matokeo kuhusu vifo vya uzazi yalichapishwa mwaka 2015. Kuvuja damu ndiko kulikoongoza miongoni mwa sababu. Vifo vilivyotokana moja kwa moja na uzazi vilikuwa 111 katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai kwa wanawake waliokaa ndani ya kilomita 5 toka hospitali, na 422 kwa wale waliokaa zaidi ya kilomita 35. Tofauti ni karibu mara nne.

Hata hivyo, msomaji asifunge kitabu hapo. Uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba, ukihesabu vifo vyote vilivyotokea wakati wa mimba na uzazi, hata wanawake wa karibu na hospitali walikuwa na vifo 664 katika kila 100,000, ingawa 72 katika kila 100 kati yao walizalia hospitali. Mengi ya hayo yalitokana na maradhi mengine. Lakini ni onyo kwa kila anayedhani kwamba kazi huisha mama anapofikishwa mlangoni. Ni haki pia kusema kwamba takwimu hizo ni za mwaka 2007. Tangu hapo vifo vya uzazi nchini vimepungua sana. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulikadiria 104 katika kila 100,000, wakati ule wa 2015–16 ulikadiria 556. Kadiri vifo vya kawaida vinavyopungua, ndivyo vilivyosalia vinavyozidi kuwa vya matatizo kama hili, yasiyotibika kwa kidonge wala kwa ushauri peke yake.

Akishafika mlangoni, anahitaji nini? Siku hizi jibu la kwanza linalotolewa ni mashine ya altrasaundi. Ni chombo bora. Kilitokana na kazi ya Ian Donald na wenzake huko Glasgow, waliochapisha picha zao za kwanza mwaka 1958 kwa kutumia maarifa yaliyokuwa yakitumika viwandani kutafuta nyufa katika chuma. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba kila mwenye mimba apimwe mara moja kabla ya majuma 24. Lakini mwalimu yafaa aeleze jambo ambalo watu wengi hawaambiwi: katika umri huo wa mimba makondo mengi huonekana kuwa chini, na karibu yote huonekana juu baadaye. Kondo halitembei. Ni ukuta wa mji wa mimba unaokua na kulibeba juu, kama alama iliyochorwa kwenye puto inavyosogea puto linapopulizwa. Kwa hiyo kipimo cha majuma 20 chaweza kumtia hofu bure mama ambaye hana tatizo, na yule mwenye tatizo la kweli lazima apimwe tena karibu na majuma 32. Mashine bila kipimo cha pili ni nusu ya mashine.

Tena, kuna jambo lililotangulia mashine. Mwaka 1945, kabla altrasaundi haijajulikana, Charles Macafee wa Belfast huko Ireland ya Kaskazini alitoa taarifa ya wanawake 174 wenye kondo lililotangulia. Hadi wakati huo desturi ilikuwa kumzalisha mama mara tu tatizo linapotambuliwa, na zaidi ya nusu ya watoto walikufa, wengi kwa sababu walizaliwa wakiwa wachanga mno. Macafee alifikiri tofauti. Alisema kwamba damu ya kwanza haiui ikiwa hakuna mtu anayeingiza kidole. Basi mama alazwe, atulie, mtoto akue, lakini alazwe mahali ambapo damu ya kumwongeza iko tayari na chumba cha upasuaji kiko tayari usiku na mchana. Alimpoteza mama mmoja tu kati ya hao 174, na vifo vya watoto vikashuka chini ya robo. Msingi wa matibabu ya leo ni ule ule, ila sasa mama hupewa pia sindano za kukomaza mapafu ya mtoto ikiwa huenda akazaliwa kabla ya wakati, na upasuaji hupangwa karibu na majuma 36 au 37.

Macafee alikuwa na vitu vitatu: kitanda, kisu na damu. Vitu hivyo vyapasa kupimwa kimoja kimoja katika mazingira ya Nachingwea, na hapo ndipo penye kiini cha hoja.

Kitanda si fumbo. Mama aliyekwisha kutoa damu akae hospitali au katika nyumba ya kungojea uzazi iliyo karibu nayo, wala asirudi kijijini hata kama anajisikia mzima. Ni jambo gumu kwa familia, kwa kuwa majuma matano bila mama shambani na jikoni ni gharama kubwa, na wanaompigia mume kelele kwa kusitasita mara nyingi hawajapata kulima. Lakini ni jambo liwezekanalo. Kisu nacho hakikosekani kama watu wadhanivyo. Mbali na hospitali ya wilaya, kusini kuna hospitali za misheni zilizofanya kazi kwa miaka mingi: Mnero katika Nachingwea yenyewe, Ndanda katika Wilaya ya Masasi, na Nyangao kwenye njia ya kwenda Lindi. Aidha, Tanzania ilianza mwaka 1963 kuwafundisha madaktari wasaidizi, na uchunguzi uliotangazwa mwaka 2009 haukuona tofauti ya maana kati ya upasuaji wa uzazi waliofanya wao na ule uliofanywa na madaktari wenye shahada. Ni moja ya mambo ambayo nchi hii ingeyafundisha mataifa tajiri, na haijisifii ipasavyo.

Kitu kinachobaki ni damu. Hicho hakitengenezwi kiwandani, hakinunuliwi kwa mkopo, na hakiwekwi akiba kwa mwaka. Wazo la kumwongezea mzazi damu si geni. James Blundell wa London alilijaribu mwanzoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya wanawake waliovuja damu baada ya kuzaa. Wengine walipona, wengine walikufa, na hakuna aliyejua sababu hadi Karl Landsteiner alipogundua makundi ya damu na kuyatangaza mwaka 1901. Nchini Tanzania Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianza mwaka 2004, na kituo chake cha kanda ya kusini kiko Mtwara. Damu hupimwa UKIMWI, homa ya ini za aina B na C, na kaswende kabla ya kutolewa. Watu huita "chupa", ijapokuwa siku hizi ni mfuko wa plastiki wenye mililita 450. Mama avujaye damu nyingi kutokana na kondo aweza kuhitaji chupa nne au zaidi.

Sasa, chupa hizo hutoka kwa nani? Kwa sehemu kubwa hutoka kwa wanafunzi wa sekondari na vyuo. Ni watu wenye afya, waliokusanyika mahali pamoja, wenye mwalimu awezaye kuwapanga mstari. Sheria inataka mtoaji awe na miaka 18 au zaidi na uzito wa kilo 50 au zaidi. Mwanamume aweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Na kwa kuwa watoaji ni wanafunzi, akiba ya damu hufuata kalenda ya shule. Shule zikifungwa, majokofu ya damu huanza kuwa matupu.

Damu nzima, ikitiwa dawa ya kawaida ya kuizuia isigande na kuwekwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 6, hudumu siku 35. Mwalimu wa hisabati aweza kuichukua hesabu inayofuata. Ikiwa wanafunzi wametoa damu tarehe 5 Desemba, siku shule zinapokaribia kufungwa, damu hiyo itaharibika tarehe 9 Januari, wakati madarasa ndiyo kwanza yanafunguliwa au bado. Hapo hazijatolewa siku za kupima na za njiani. Na mama wa mfano uliotolewa juu, aliyeona damu mara ya kwanza akiwa na mimba ya majuma 32, atafikisha majuma 37 baada ya siku 35 kamili. Chupa zilizowekwa kwa ajili yake siku alipolazwa zitafikia mwisho wa uhai wake siku ile ile anayopelekwa kupasuliwa. Wakati huo huo mvua zimeharibu njia, na malaria inaanza kupanda, na watoto waliopungukiwa damu wanaitaka damu iyo hiyo kutoka jokofu lilo hilo. Yote hayo hukutana katika majuma yale yale ya mwaka, tena kila mwaka, na hakuna hata moja kati yao lisilojulikana tarehe yake.

Ni kweli kwamba ndugu wa mgonjwa huja kutoa. Lakini ndugu hao wako kilomita 40, mmoja ana malaria, mwingine kundi lake halipatani, wa tatu damu yake inahitaji kupimwa kwa saa kadhaa. Damu ya dharura ni ile iliyokwisha kupimwa jana. Na kwa kuwa hakuna jokofu lisiloisha, yapasa pia kulinda damu iliyomo mwilini mwa mama mwenyewe: vidonge vya madini ya chuma, dawa za kuzuia malaria zitolewazo kliniki, na chandarua. Mama mwenye himoglobini nzuri huweza kustahimili upotevu ambao ungemwua jirani yake.

Haja ya damu itazidi, wala haitapungua, kwa sababu ambayo ni tunda la maendeleo yenyewe. Upasuaji wa uzazi unaongezeka nchini, na kila upasuaji huacha kovu. Kondo la mimba ifuatayo likitua juu ya kovu, vijitawi vyake vyaweza kujichimbia ndani ya misuli na kukataa kubanduka. Uchunguzi mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba mwanamke mwenye kondo lililotangulia ambaye hajawahi kupasuliwa ana uwezekano wa 3 katika 100 wa kupatwa na hilo. Aliyepasuliwa mara moja, 11. Mara mbili, 40. Mara tatu, 61. Kondo lililong'ang'ania namna hiyo haling'olewi kwa nguvu. Mara nyingi mji wa mimba wenyewe huondolewa, na chupa za damu huhesabiwa kwa kumi. Mama mwenye kovu la upasuaji ambaye kondo lake liko chini asipangiwe kuzalia wilayani kabisa. Apelekwe hospitali ya rufaa akiwa bado anatembea kwa miguu yake.

Wako watakaosema kwamba si haki kuigeuza shule kuwa kisima cha damu. Wana sababu. Ni aibu kidogo kwa watu wazima wa wilaya nzima kuishi kwa damu ya vijana wa kidato cha sita, wakati wao wenyewe wana kilo 70 na hawajui hata kundi lao. Lakini lawama hiyo haiwezi kutumiwa kuwa sababu ya kuacha kukusanya damu shuleni. Ni sababu ya kuwatafuta watu wazima katika kipindi ambacho wanafunzi hawapo. Chuo cha Ualimu Nachingwea kina watu wazima, lakini nacho kina likizo. Wasiokuwa na likizo ni wakulima.

Nao wakulima wa wilaya hizi hukusanyika kwa tarehe zinazojulikana. Msimu wa korosho huanza Oktoba, na minada huendelea hadi Desemba, pengine hata Januari. Vyama vya msingi vya ushirika huita wanachama wao, na mamia ya watu hufika kusikia bei. Gari la kukusanya damu likiegeshwa kando ya mkutano wa mnada tarehe 20 Desemba, baada ya bei kutangazwa na kabla watu hawajatawanyika, damu itakayopatikana itadumu hadi tarehe 24 Januari. Kufikia siku hiyo shule zimekwisha kufunguliwa, na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wamerudi madarasani.